Kibarua wa Manowari

Sikuombi uniamini upesi. Nakuomba tu usinicheke, maana haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu.

Nilikuwa naandika bango la maonyesho ya jumuiya yetu ya Kiswahili hapa Sydney, kuhusu manowari moja nyepesi ya Australia. Katika Vita Kuu ya Kwanza meli hiyo iliizingira midomo ya mto Rufiji, kwetu Tanzania, ikashiriki kuipiga mizinga Dar es Salaam. Ilipochakaa ikazamishwa nje ya bandari ya Sydney. Hebu fikiria: chuma kilichotutisha kule kimelala jirani yangu huku!

Jumamosi moja nilipanda treni kituo cha Toongabbie, kisha basi, hadi kwenye majabali yanayoitazama bahari ile, nimalizie maandishi. Mvua ya rasharasha ikanikuta. Kwenye benchi alikaa kijana mweusi, kifua wazi, kikoi kiunoni. Nilifurahi kumwona mtu wa kwetu.

"Mambo, kaka!"

"Shikamoo yangu iko wapi?"

Nikacheka. "Nikuamkie wewe? Labda mwakani, ukiota ndevu."

"Nimemzidi umri babu yako, mwanangu."

Hapo ndipo nilipoona: tone la mvua likimgusa bega lilikauka papo hapo, likichemka kama maji kwenye kikaango cha moto. Joto lake lilinifika usoni. Ungekuwa wewe, ungekimbia? Mimi sikukimbia. Nikamwamkia, akaitika "marahaba" kwa upole ulionitia huzuni kuliko hofu.

Akaniomba nimsomee nilichoandika. Nilipofika "vibarua wa pwani walichochea makaa kwenye matanuri ya meli," akainua mkono.

"Hapo."

"Nimekosea, mzee?"

"Kibarua ni kile kikaratasi tulichopewa asubuhi, kina namba. Jioni wanakichukua. Mizinga umeitaja mmoja mmoja, nahodha umemtaja mpaka ukoo wake. Mimi niliyekula vumbi la makaa mpaka kifua kikaziba, nimebaki kikaratasi?"

Nikamuuliza jina lake. Niamini, alijifunika uso kwa viganja, kama mtu aliyelingoja swali hilo tangu Rufiji.

"Feruzi Mabruki," akasema, akiweka kidole juu ya neno langu. "Liandike."

Nikaliandika. Nilipoinua kichwa, hakuwepo. Benchi lote lilikuwa limelowa, isipokuwa pale alipokaa.

Mama Neema, Mkongomani anayesimamia maonyesho, aliisoma karatasi kwa makini. "Huyu Feruzi iko nani? Umemupata mu kitabu gani?"

Nilizipekua orodha za mabaharia nilizoweza kuzipata, hayumo. Chuo kimenifundisha kutoandika nisichoweza kukithibitisha, na ninaiheshimu kanuni hiyo. Lakini je, nimnyime jina kwa sababu waliomnyima mwanzo hawakuacha ushahidi? Siku mbili nilihangaika. Mwishowe nikaandika: "Feruzi Mabruki, mchochea makaa, kwa maelezo yake mwenyewe."

Nilipomrudishia karatasi, Mama Neema aligusa alama nyeusi ya kidole iliyobaki juu ya neno "vibarua", akauondoa mkono haraka.

"Iko moto!"

"Ni yake, mama."

Akaiweka karatasi mezani taratibu. "Basi acha ibakie."

Karatasi ile haijapoa hadi leo. Nawe unayeandika habari za watu, jihadhari: kabla hujaandika "vibarua", ulizia majina yao. Na ukimkuta kijana mkavu katikati ya mvua, usimwite kaka. Anza na shikamoo.