Namba Niliyoandika Ubaoni

Bi Saadiya wa Bwejuu analima mwani tangu mimi natambaa. Ana miaka sitini na kitu, na kwa kufunga mbegu, vile vipande vya mwani, kwenye kamba hakuna msichana anayemfikia. Hapendi sifa, ukimsifu anakwambia kaangalie kazi yako.

Kazi yangu mimi, Amour, ilikuwa kupima chumvi ya bahari. Watafiti wa mjini walinipa kidude cha kuchungulia: unatia tone la maji, unasoma namba. Kila siku maji yakipwa niingie mpaka kwenye mashamba ya mwani, nipime, kisha niandike kwenye ubao wa pwani. Thelathini na tano ni salama. Ikishuka sana, wanawake wahamishie kamba zao kwenye kina kirefu, maana mwani ukikosa chumvi hugeuka mweupe, ukalainika, ukakatika.

Kilipokuja kimbunga Hidaya, upepo ulitupita kando. Mvua haikutupita. Ilimwagika siku tatu, na maji yote ya nchi kavu yakateremkia baharini. Nami, mtu mzima na ndevu zangu, nikajifunika shuka. Kila siku nilikimbia mara moja tu mpaka ubaoni, nikaandika thelathini na tano, nikarudi kulala. Bahari yote ile, nilijiambia, mvua itaifanya nini?

Siku ya tatu Bi Saadiya akaja kunigongea mlango na wenziwe nyuma yake, wote wamerowa.

"Amour, mwanangu, nshayaonja maji. Yamekuwa kama ya kisima. Tuhamishe?"

Naona haya mpaka leo. Hata shikamoo sikumpa.

"Kipimo hakidanganyi, Bi Saadiya. Ulimi ndio unaodanganya."

Wenziwe wakamcheka, na kamba zikabaki pale pale.

Baada ya juma moja mwani ulikuwa mweupe, ukiushika unakubakia mkononi. Msimu mzima ukapotea. Tena Bi Saadiya akaanza kujilaumu yeye: eti labda mbegu aliyowagawia wenziwe ilikuwa mbovu. Akawa anawapita njiani kainamisha kichwa, mwanamke yule, kwa kosa langu! Nilitahayari hata chakula kikanishinda.

Asubuhi moja, maji yakianza kujaa, nikawakusanya ufukweni nikasema yote. Mbegu haina kosa. Sikupima. Siku zote tatu niliandika uongo.

Nilitarajia matusi, na ningeyapokea kwa shukrani. Hawakunitukana. Bi Saadiya akaniuliza kwa upole:

"Na leo, Amour? Umepima?"

Nilikuwa nimepima. Wallahi nilikuwa nimeingia baharini mpaka kiunoni. Nikafungua mdomo nimjibu, na kabla sijatoa neno, wanawake wote wakateremsha macho, wakaitazama suruali yangu, waone kama kweli imerowa.