Mate ya Mzee Wambura

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Musoma, sikushika koleo. Daktari wa Meno wa Mkoa, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alinikalisha mimi mwenyewe kwenye kiti cha wagonjwa, akanisugua jino la mbele mpaka likang'aa. "Pitisha ulimi," akasema. Ulimi ulikwama, kama kidole kwenye glasi iliyooshwa ikakauka. Akanywa chai yake taratibu. "Haya, pitisha tena." Lo! Lilikuwa linateleza.

"Nani kalipaka?" akauliza. Akajijibu mwenyewe: "Mate yako, binti. Humu mdomoni mwenye nyumba ni mate. Yaheshimu."

Nimeyaheshimu mpaka nastaafu, na ninyi matabibu vijana nisikilizeni. Mate si maji matupu. Yana protini, na ukishasugua jino, muda si muda baadhi yake hujibandika pale na kufanya utando mwembamba usiouona. Utando unalinda jino, ila bakteria nao wana vishikizo vya kunasa humo humo, na ndipo uchafu wa meno unapoanzia. Sasa sikieni utamu wake. Protini zinazoelea kwenye mate, nyingine ni za aina ile ile, huwakamata bakteria kabla hawajalifikia jino, zikawafunga mabonge, nawe ukawameza. Mate yakikauka, hakuna wa kuwakamata.

Nilipohamishiwa Bunda nikiwa tabibu wa meno, akaja Mzee Wambura kutoka Nyasura, mkulima wa pamba, amesindikizwa na binti yake. Nilipoingiza kioo changu kidogo cha kukagulia, kikaganda kwenye shavu kwa ukavu. Meno yalikuwa yameoza kwenye mashina, na mswaki anapiga vizuri tu. Mfukoni amejaza pipi.

"Mdomo unakaukaga," mzee akaniambia, "ndiyo nanyonya pipi. Lakini binti, meno siyo shida yangu. Mjukuu wangu anaolewa. Kwetu babu ndiye anamtemeaga bibi harusi mate ya baraka kifuani. Mimi sina hata tone! Wameanza kusema mdogo wangu ashike nafasi yangu."

Aliyasema hayo akiangalia sakafu. Niliumia, jamani.

Nikampeleka kwa Mganga Mfawidhi, mkuu wetu wa kituo, mtu wa kuamua haraka. "Ng'oa yote, umtengenezee ya bandia."

"Mkuu, yatashikwa na nini? Hata ya bandia yanashikiliwa na mate. Tuangalie kwanza dawa anazomeza."

Akanitazama juu ya miwani, halafu akamwomba mzee vidonge vyake. Kweli, vile vya kutuliza maumivu ya mishipa ya miguu vilikuwa vya aina inayokausha mdomo. "Hapo umenikamata," akasema, akacheka, akambadilishia. Mimi nikapiga marufuku pipi, nikampa bazoka ya kutafuna isiyo na sukari, ya kuamsha mate, nikamwambia atembee na maji. Meno yaliyoshindikana nikang'oa, mengine nikaziba na kuyapaka dawa ya kuyaimarisha. Kila alipokuja nilijaribu kioo shavuni. Kikaanza kuachia kidogo kidogo, ila harusi ilikuwa inakaribia na sikuwa na uhakika hata kidogo.

Walinialika. Bibi harusi akasimama mbele ya babu yake, na yule mdogo wa mzee amesimama kando, tayari kushika nafasi. Mzee akafumba mdomo, akazungusha mashavu. Fyuu! Matone yakamwangukia bibi harusi kifuani, vigelegele vikapasua hewa. Mimi nililia waziwazi.

Kabla sijafuta macho akaita, "Yuko wapi yule binti yangu wa hospitali?" Nikasogezwa mbele, na mimi nikatemewa, palepale kwenye paji la uso.

Nilimalizia utumishi wangu Butiama, sasa nakaa Makoko. Nilipoagwa nilipewa cheti na saa ya ukutani, navyo navipenda, nimevitundika sebuleni. Maisha yangu yote nilifundisha watu kunawa na kujifuta. Siku ile ya harusi nilirudi Bunda na mate ya Mzee Wambura usoni, nikaacha yakauke yenyewe.