Mkono wa Kusugua Kibuyu

Priscah, jirani yangu hapa Kimumu, ni mbishi. Nasema hivyo kwa upendo, maana nimemuuzia unga na sukari miaka mingi na tumekosana mara nyingi tu. Mashine ya kukatia ng'ombe majani ilipomla vidole vyote vya mkono wa kulia, alilia mpaka tukaogopa. Alipopata nguvu ya kuketi, swali lake la kwanza lilikuwa nani atatengeneza mursik ya koito ya binti yake Diana.

Koito ni siku wakwe wanapokuja kuposa rasmi, na kwa Wakalenjin wageni hao hawapokelewi kwa soda. Hupewa mursik, maziwa yaliyolala ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa kijiti chenye kaa la moto, kiitwacho sosiot. Wifi yake alijitolea kuitengeneza. Priscah akamjibu kwamba mama wa Diana hajafa.

Huko Munyaka kuna karakana ya Lorraine, msichana mwenye kompyuta na mashine inayochapisha vitu vya plastiki, tabaka juu ya tabaka. Alimpima Priscah akamchapishia mkono mzuri wa vidole vitano, uliofumba alipokunja kifundo. Mtaa mzima tuliusifu. Lorraine alimwonya asiusogeze karibu na moto.

Sasa sikia alichofanya. Kwa Priscah, moto ni ule wa miali; sosiot ni kazi ya jikoni tu. Akakitoa kijiti mekoni na kuanza kusugua kibuyu. Vile vidole vikalegea kama mshumaa, vikagandamana na kijiti. Nilicheka mpaka nilipouona uso wake, kisha nikaona haya.

Kesho yake alikanda unga wa chapati, akafinyanga mkono alioutaka yeye: hauna vidole, una mdomo tu wa kubana kijiti. Akaupeleka Munyaka kwenye sahani. Lorraine aliupiga picha pande zote kwa simu, umbo likaingia kwenye kompyuta. Ila akasema ukweli, kwamba mdomo huo utavunjika ukizungushwa. Priscah alinuna, kisha akavuta kiti. Wakachora upya pamoja, yeye akisukuma mausi kwa mkono wa kushoto. Plastiki ikabaki kwenye kifundo, ukafuata mti mgumu uliokatwa na mashine nyingine ya karakana kwa mchoro wao, na mbele kabisa kibanio cha chuma.

“Lakini Mama Diana, hauna vidole,” Lorraine akamwambia. “Watu wataangalia.”

“Wacha waangalie. Mimi sitaki mkono wa picha, nataka wa kazi.”

Akasugua kibuyu mpaka ndani kukawa kweusi, akachemsha maziwa, akayapoza, akayamimina, akayaacha yalale. Siku ya koito wifi yake alikuja na kibuyu chake, eti kwa usalama. Priscah alimshukuru akakiweka pembeni.

Mzee wa upande wa wakwe ndiye aliyeonja kwanza. Tulikuwa tunamtazama koo. Akamaliza kikombe, akakinyoosha aongezwe, kisha akaomba kumsalimia aliyeitengeneza mursik ile. Priscah alikuwa ameficha mkono chini ya leso. Akasita kidogo, akautoa, chuma kikiwa bado na masizi. Mzee akasimama, akakishika kile kibanio kwa mikono yake yote miwili, na hakukiachia upesi. Priscah akalia mbele ya wakwe, na mimi pia.