Ndoo ya Pili

Jirani anachoma korosho, na moshi wake mkali umenirudisha utotoni, kijijini Makote kwenye mikorosho, juu mlimani. Bibi yangu, mwinjilisti, alipanda nami kutoka Lulindi kupeleka Injili kwenye nyumba ambayo haikuwahi kumkaribisha.

"Mama, mtanisamehe," alisema mama mwenye nyumba, akiinua ndoo. "Nashuka bondeni kuchota maji."

Bibi akanikabidhi Biblia, akachukua ndoo nyingine. "Basi tushuke wote."

"Na mahubiri yako?"

"Kwani yana miguu? Yatakimbilia wapi?"

Mama yule akacheka. Tulichota, tukapanda mlima, Bibi akihema, maji ya ndoo yakimchuruzika shingoni. Tulipofika uani, mwenyeji alitandika mkeka, akamimina kata ya kwanza ya maji kwenye miguu ya Bibi.

"Haya," akasema. "Tuambie."

Nikamrudishia Bibi Biblia, imelowa jasho la viganja vyangu.