Pilau Kabla ya Mkataba

Tulipoitwa wabia kwa mara ya kwanza, mimi na mwenzangu tuligeuka nyuma kuangalia kama kuna watu wengine wanaosemeshwa. Kampuni yetu ilikuwa chumba kimoja Kalangalala, kati ya saluni na banda la chipsi. Mwenzangu, fundi redio wa zamani, alikuwa amebuni kisanduku kinacholia hewa inapoharibika ndani ya maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mimi nina mdomo, kwa hiyo nikawa mkuu wa mauzo. Kisanduku cha kwanza tulikipeleka kwenye duara la mdogo wangu wa kiume, maana hewa mbaya ilishamzimisha mara moja, akatolewa kwa kamba hajitambui. Kufumba na kufumbua tukawa wafanyakazi kumi na wanne. Tunakua kwa kasi, eti.

Kukua kwa kasi kuna harufu yake, na wakubwa wana pua. Kampuni moja inayouzia migodi vifaa ikatutumia gari. Huko kwao tukaonyeshwa ukutani picha ya mikono miwili inayosalimiana, mmoja mnene sana. Meneja akatuambia kuanzia leo sisi ni familia. Jamani, familia! Mimi kwetu Didia nina shangazi saba, lakini nikaona nafasi bado ipo.

Kisha wakatulisha. Pilau, kuku, soda mbili mbili. Hapo ndipo tulipokwisha. Kwetu mtu akikukaribisha, ukanawa, ukala, ukashiba, huanzi tena kuyachambua maneno yake mbele ya uso wake. Ni sawa na kumwambia amekulisha sumu. Mkataba ukaletwa baada ya pilau, mnene, wote Kiingereza. Mwenzangu akaanza kusoma ukurasa wa kwanza, nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Usituaibishe," nikamnong'oneza.

Nikasaini kila ukurasa kwa mwandiko mzuri, nikavishwa kitambulisho cha ubia shingoni, nikashukuru kwa mikono miwili, kama mtu aliyelelewa akaleleka. Loo, adabu zangu mimi!

Wiki iliyofuata ikaja barua. Kumbe tulikubali kwamba kisanduku kitatumiwa na wateja wao tu, na vyote vilivyo kwa watu wengine virudishwe. Wateja wao ni migodi yenye mageti na walinzi. Nikampigia meneja.

"Dada yangu, huo ndio ushirikiano," akasema kwa upole. "Sisi tunaleta ukubwa, ninyi mnaleta ubunifu."

Nikamuuliza wachimbaji wadogo wanaleta nini. Akasema anaingia kikaoni.

Mwanasheria tuliyemwendea akausoma mkataba wote, kitu ambacho sisi tulikiona ni utovu wa adabu, akatuambia turudishe. Tukavikusanya kimoja kimoja. Cha mdogo wangu nilikiacha mpaka mwisho, kwa woga tu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Nikamweleza yote. Hakunitukana, na ni heri angenitukana. Alikipangusa kisanduku vumbi kwa shati lake, akanikabidhi.

"Hongera, dada. Kumbe mmeshakuwa wakubwa."

Akajifunga kamba, akashuka, kwa sababu ana watoto watatu na wanakula kila siku.

Sikuweza kuondoka. Nikakaa kwenye mdomo wa shimo, mkuu mzima wa mauzo, nikawa namwita jina lake. Akaitika. Nikangoja kidogo, nikaita tena, akaitika. Mara ya tano, kimya. Nilipiga yowe hadi watu wa maduara ya jirani wakaacha kazi, wakakimbilia kamba, wakavuta. Akatoka mzima, amefura kwa hasira. Alikuwa anagonga mwamba, hakunisikia.

Hasira zilimwisha aliponiona nimekaa vumbini, nalia mpaka kamasi, na kitambulisho cha ubia kinaning'inia shingoni.

"Sasa dada," akaniuliza, "na kesho utakuja kuniita?"