Maziwa Mlangoni pa Meneja

Juzi, kwenye simu ya mwenzangu kazini hapa Eldoret, niliona wakulima wakimwaga maziwa barabarani. "Sasa hiyo itasaidia nini?" akauliza. Pua yangu ilikuwa tayari imejaa harufu ya maziwa yanayochacha juani.

Nilikuwa mtoto. Kampuni iliyonunua maziwa yetu ilikuwa imeyakataa, eti tumeyatia maji. Mama, aliyekuwa akinifinya sikio nikimwaga hata tone, alibeba mtungi wa maziwa hayo, akaandamana na akina mama wengine hadi mlangoni pa meneja. Nilidhani tunampelekea zawadi. Kisha akauinua, akamimina yote. Nilipiga yowe, nikapiga magoti nikiyakinga kwa viganja. Meneja aliruka nyuma asilowe viatu.

"Kanyaga tu," Mama akamwambia. "Si ulisema ni maji?"

Tangu wiki iliyofuata, maziwa yalipimwa mbele ya macho yetu. Lakini jioni ile tulikunywa chai ya rangi, nami nikalia.

"Lia," Mama akasema, akinipa kisogo. "Hata mimi nilikuwa nangoja tu tufike nyumbani."