Chale za Mama

Mpaka leo nikipita mbele ya ile studio ya picha hapa Mpanda mjini, damu inanichemka.

Nilimpelekea fundi negativu moja tu, kipande cha filamu kilichobaki na sura ya mama. Picha za mama zililiwa na mchwa nyumbani Mwese, na mdogo wangu wa mwisho, aliyefiwa naye akiwa bado ananyonya, hakuwahi kuijua sura yake. Sasa alikuwa anaolewa. Nilimwahidi kwamba siku ya kumuaga, mama atakuwepo ukutani.

Picha ya kwanza kutoka kwenye skana ilikuwa na mstari mweupe uliokata paji la uso. Fundi akageuza negativu, akaskani tena. Mstari ukabaki palepale.

"Basi uchafu uko kwenye kioo, dada."

Hapo alisema kweli. Lakini kioo chenyewe akakifuta kwa pindo la shati lililojaa vumbi la barabara ya Ilembo! Picha ikatoka na nyuzinyuzi kila mahali. Akalowesha kidole gumba kwa mate ili aisugue negativu. Nikamdaka mkono.

"Ukiiharibu hiyo, una mama mwingine wa kunipa?"

"Tulia, dada. Kompyuta inasafisha kila kitu. Njoo kesho."

Kesho yake nikakuta kwenye picha mwanamke nisiyemjua, uso laini kama yai lililomenywa.

"Ile mikwaruzo chini ya macho ilinisumbua kweli," fundi akasema kwa majivuno.

Mikwaruzo! Mama alichanjwa utotoni kwa maradhi ya macho, chale tatu kila upande. Ndizo nilizokuwa nikizipapasa mpaka napitiwa na usingizi. Na huyu, mzaliwa wa hapahapa, hakujiuliza ni mikwaruzo gani inayojipanga mitatu mitatu pande zote mbili? Hana bibi? Nilimfokea mpaka wauza mchele wa jirani wakajaa mlangoni. Sikuondoka hapo hadi alipofuta kioo kwa kitambaa safi na kuskani upya, bila kuugusa uso.

Siku ya sherehe mdogo wangu aliisogelea picha ukutani, akaitazama kwa muda mrefu. Halafu akapitisha kidole shavuni pa mama, akasugua. Akakilowesha kwa mate, akasugua tena.

"Dada, mbona imechafuka hapa?"

Nikamdaka mkono. Nikatafuta wa kumfokea, nikamkosa.